Managu Katika Vyungu vya Mzee Gadi

Siku ile tulikuwa watu saba uani. Nilikuwapo mimi, Rebeka, mkubwa wa watoto wa marehemu Shem. Alikuwapo ndugu yangu Amos aliyenifuata, na Kageha aliyemfuata Amos, na Tito, kitinda mimba wetu, ambaye alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akinyonya kidole. Alikuwapo Baba Mkubwa Ezra, kaka yake baba, aliyefika asubuhi kutoka Maragoli na bado alikuwa na vumbi kwenye ukosi wa koti. Alikuwapo Mama Njoki, jirani yetu aliyeuza mboga, kwa sababu hakuna jambo lililotokea kwenye safu yetu ya nyumba bila yeye kuwapo. Na alikuwapo mwenye nyumba na mwenye vyungu, Mzee Gadi, amesimama kwa magongo mawili, katoka hospitalini saa ile ile. Nawataja wote kwa sababu wengine hawapo tena. Nawataja pia kwa sababu kati ya hao saba niliamini ni mimi peke yangu niliyejua kilichokuwa ndani ya vile vyungu, na sikuweza kufungua mdomo.

Jambo hili lilinirudia juma lililopita kwa njia ya pua. Binti yangu alikuwa ameweka ua la kununua ndani ya kopo lisilo na tundu, akalimwagilia maji kila siku kwa upendo. Nilipolipindua kopo lile ili nione kwa nini majani yanalegea, harufu ikanipanda: mizizi iliyooza, uchachu kama wa uji uliosahauliwa ndani ya chupa, na utamu kidogo kwa chini. Niliketi pale pale mlangoni. Binti yangu akadhani ni presha, akakimbilia maji.

Ninyi mliokulia Jericho, au Mbotela, au Kaloleni, hamhitaji kuelezwa ua wa nyumba zile. Ukuta wa kufika kifuani, kamba ya nguo, mfereji wa pamoja unaolia kwikwi kabla ya kutoa maji. Tofauti ya ua wa Mzee Gadi ni kwamba juu ya ukuta wake palikuwa na vyungu kumi na vinne, vingine vya udongo, vingine mikebe ya mafuta ya kupikia, vyote vimetobolewa matundu ubavuni kwa msumari. Wasomi huyaita maua yale okidi. Sisi watoto tuliyaita maua ya Gadi. Yeye mwenyewe alikuwa gadi wa garimoshi la mizigo kwa maisha yake yote ya kazi, njia ya Mombasa, na maua yale aliyaleta moja moja kutoka nyika ya kwao Ukambani, kila moja limekaa kwenye behewa la mwisho kama abiria.

Yalikuwa na mashina ya manjano kama miwa myembamba, na majani magumu. Nilikuwa nimeyaona yakichanua mara moja, baba akiwa hai: maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, mithili ya ngozi ya chui, na watu walitoka hata safu ya nyuma kuja kuchungulia juu ya ukuta. Mama Njoki alisema siku hiyo, "Mzee, hiki kitu hakiliwi, hakitibu, na bado unakibembeleza kuliko mke." Mzee Gadi alikuwa mjane. Akajibu, "Mama Njoki, mke alinibembeleza mimi. Sasa ni zamu yangu."

Jinsi tulivyofika kwake ni hivi. Mama alifariki Tito alipozaliwa. Baba alimfuata Tito akiwa hajafikisha miaka mitatu. Ni kifua kilichomchukua. Baada ya mazishi, nyumbani Maragoli, wazee walikaa kutugawa. Amos aende kwa huyu, Kageha kwa shangazi, Tito kwa Baba Mkubwa, na mimi nitafutiwe nyumba ya kulea watoto wa watu Kisumu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya jiko nasikia kila neno. Mzee Gadi, aliyesafiri na jeneza kwa sababu yeye na baba walikaa benchi moja kanisani, akainuka akasema ana vyumba viwili na yuko peke yake, basi tukae kwake angalau mpaka Amos amalize darasa la saba.

Wazee walikubali, ila Baba Mkubwa aliweka sharti. "Nitakuja kuwaangalia. Nikikuta huyu mdogo amezidi kudhoofu, nagawa siku hiyo hiyo." Alisema hivyo akimshika Tito kichwani. Nywele za Tito zilikuwa zimegeuka rangi ya ndevu za mahindi mabichi, na tumbo lilimtangulia. Baba Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Mwaka huo nami nilikuwa nimeacha darasa la saba muhula wa kwanza, ili awepo mtu wa kumshika Tito.

Kazi ya kwanza aliyonipa Mzee Gadi ilikuwa kung'oa. Kila asubuhi kabla ya chai, chungu baada ya chungu. Ndani ya vyungu vile hamkuwa na udongo hata chembe. Mlikuwa na vipande vya makaa, maganda ya mti na vigae vya matofali. Hata hivyo ndege walileta mbegu, upepo ukaleta nyingine, na kila siku palikuwa na kitu kimechipuka. Kibaya zaidi kilikuwa kile kijani kidogo chenye vijani vitatu vitatu, ambacho ukikitafuna kinauma ulimi kwa uchachu. Kikikomaa hurusha mbegu zake mbali, ukikaribia unazisikia zikigonga mkebe. Mzee alikuwa na spoku ya baiskeli aliyoikunja ncha. Unashika makaa kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto yasitikisike, unapenyeza spoku chini ya mzizi, unauinua polepole mpaka mwisho wake utoke mzima. Ukikatika, umefanya kazi bure. Kilichong'olewa hakitupwi uani, kinakwenda kwenye jiko.

"Nisichokipanda mimi, toa," alisema. "Usikionee huruma eti ni kidogo. Vyote huanza vidogo."

Nilikuwa na miaka kumi na minne, na sentensi ile ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nisichokipanda mimi, toa. Nilipokuwa nikilala na wadogo zangu kwenye godoro moja katika chumba chake, nikihesabu ni unga wa nani tunaokula na mafuta ya taa ya nani tunayowasha, nilijua kuna vitu vinne ndani ya nyumba ile ambavyo Mzee Gadi hakuvipanda. Nilianza kuamka kabla yake. Nilifagia hata mahali palipofagiwa. Nilimkanya Kageha asicheke kwa sauti.

Na nilielewa vibaya jambo la pili pia. Maua yale yalikuwa na mizizi ya ajabu, myeupe, myembamba, imesimama ikielekea juu kama sindano. Mimi mtoto wa watu wa jembe sikuwahi kuona mzizi unaotazama mbinguni. Niliona ni njaa. Niliona mimea imewekwa juu ya makaa na vigae bila udongo wa kula, ikanyoosha mizizi kuomba. Nikadhani ndiyo sababu mzee aling'oa kila kingine kwa ukali: chakula ni kidogo mno, hakiwezi kugawanywa. Sikumuuliza. Sikuwa mtoto wa kuuliza mwenye nyumba kwa nini ananyima.

Kisha Mzee Gadi akateleza bafuni, akavunjika paja.

Walimbeba kwa mlango uliong'olewa bawaba, watu wanne, na njia nzima alikuwa akigeuza shingo kunitazama. "Rebeka. Vyungu." Hilo ndilo neno la mwisho alilolisema mpaka walipomwingiza garini. Hospitalini walimning'iniza mguu kwa kamba na mawe, wakasema miezi miwili, labda zaidi.

Pensheni yake ilikuwa haitoki mpaka aende mwenyewe. Unga tuliupata kwa Mama Njoki, kwa sababu nilimpukuchulia maharagwe na kumfungia mafungu ya mboga, naye hakuwa mchoyo, ila kinywa chake kilikuwa na pilipili. "Haya, mama wa watoto watatu na hata titi huna, chukua kikombe hiki cha unga. Na umwambie huyo Amos akiendelea kuranda na wale wavulana wa Bahati nitamfunga pamoja na sukuma." Mboga alizobaki nazo zilikuwa zimenyauka, nazo hazikubaki kila siku. Tulikula ugali na chumvi. Tito akaanza kukataa. Alikuwa akilisukuma tonge kwa ulimi, bila kulia, na kutolia kwake ndiko kulikonitisha.

Nilivihudumia vyungu kama nilivyoagizwa, juma la kwanza, la pili. La tatu mvua za masika zikaanza, na nikaona mizizi ile myeupe imeongezeka, sindano juu ya sindano. Nikasema moyoni, hizi zitakufa mikononi mwangu kwa njaa na mzee atarudi akute ukuta mtupu. Nikamtuma Amos kando ya mto, mahali Mama Njoki alipokuwa na kishamba chake cha sukuma, alete udongo ule mweusi unaong'aa kama mafuta.

"Wa nini?" Amos akauliza.

"Wa maua ya Babu."

"Si alisema usiweke kitu?"

"Alisema nitoe. Hakusema nisiweke."

Amos akacheka. "Rebe, wewe ungekuwa wakili kama hungeacha shule." Akaleta magunia mawili kwa mkokoteni wa rafiki yake. Nikavijaza vyungu vyote kumi na vinne, nikafukia sindano zile, nikashindilia kwa kiganja kama tunavyoshindilia miche ya sukuma. Nilijiona nimewalisha wenye njaa. Usiku huo nililala vizuri kuliko siku zote tangu baba afe.

Udongo wa kando ya mto hauji peke yake. Siku chache baadaye ukuta ulikuwa kijani. Kishona nguo kilichipuka, na kile kijani kichachu, na nyasi, na vyote hivyo niling'oa kwa spoku mpaka macho yakaniuma. Lakini kulikuwa na vingine viwili, terere na managu, na hizo ni mboga. Na hapa mkono wangu ulisimama.

Wale waliolelewa kama mimi watanielewa. Kwetu, mtu akilima mahindi, jembe linapofika kwenye shina la managu hulizunguka. Hakuna anayefundishwa, unamwona mama akifanya, nawe unafanya. Managu hayang'olewi. Unachuma ncha, unaliacha shina, litachipua tena. Kung'oa managu yenye afya ni kama kumwaga maziwa. Mama yangu alikuwa akitembea kwenye shamba la mtu mwingine kabisa, akiona palizi limeng'oa managu na kuyaacha jua liyakaushe, aliinama akayaokota huku akisonya.

Nikayaacha. Nikajiambia nitayang'oa yakikua kidogo. Yalipokua kidogo, nikachuma kiganja kimoja, nikayachemsha na magadi, nikamlisha Tito.

Alifungua mdomo.

Nakumbuka midomo yake ikiwa na rangi ya kijani na macho yake yakiwa wazi juu ya bakuli, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kutoka mbali. Alikula, akashika mkono wangu, akaurudisha kwenye sufuria. Tangu siku hiyo tulichuma chungu hiki leo, kile kesho. Mama Njoki alitupa maziwa kidogo ya kulainishia ule uchungu, akachungulia ukutani, akasema, "Haiya! Kumbe mzee alikuwa anatuficha shamba." Tito alianza kutembea tena mpaka mferejini. Nywele zake karibu na ngozi zikatoka nyeusi.

Nilikwenda kumwona Mzee Gadi siku za Jumapili. Wadogo zangu hawakuruhusiwa wodini, basi niliingia peke yangu. Alikuwa amekonda, mguu uko juu, na swali lake lilikuwa moja.

"Unatoa?"

"Natoa, Babu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Lete mkono." Akavishika vidole vyangu. Kucha zilikuwa zimeingia rangi ile nyeusi ya kijani ambayo sabuni haiiwezi. Akavileta puani, akanusa, akanitazama. "Managu," akasema.

"Ya Mama Njoki," nikasema. "Huwa namfungia."

"Mnakula vizuri, basi."

"Tunakula vizuri, Babu."

Akakiachia kidole kimoja baada ya kingine. Hadi leo sijui alijua kiasi gani.

Katika juma la saba, jani la kwanza la ua likageuka manjano. Nikalikata. Kesho yake matatu. Shina ambalo lilikuwa gumu kama muwa likabonyea nilipoligusa, na maji ya kahawia yakatoka. Nilichimba kidogo kwa spoku kutafuta zile sindano nyeupe, nikakuta uzi mweusi unaoteleza, na harufu ile ikatoka. Mizizi ya managu ilikuwa imeshikana na mizizi ya ua kila upande. Nilijaribu kung'oa shina moja la managu kama alivyonifundisha, polepole, mzima, likatoka na nusu ya ua.

Hapo ndipo nilipoelewa. Maua yale hayakuwa na njaa. Mizizi ile haikuwa ikiomba chochote. Ilitaka hewa, nami nikaizika ikiwa hai.

Na bado sikuyang'oa managu. Nataka niseme ukweli huu wazi, kwa sababu kwa miaka mingi nilijisimulia kwamba nilikuwa mtoto nisiyejua. Majuma mawili ya mwisho nilijua. Kila asubuhi nilisimama mbele ya ukuta na spoku mkononi. Nikiondoa udongo, Tito atarudi kwenye ugali na chumvi, na Baba Mkubwa aweza kufika siku yoyote. Nikiuacha, mwenye nyumba atarudi akute nimeua kitu pekee alichokipenda, na nyumba ni yake. Njia zote mbili zilifika mahali pamoja, kugawanywa kwetu. Nilichuma managu, nikaenda kuwasha jiko.

Wote wawili walifika siku moja. Baba Mkubwa alifika asubuhi, akamkagua Tito kwa kumgeuza huku na huku, akafungua kinywa chake akatazama fizi, akasema, "Hm. Afadhali." Moyo wangu ulikuwa umeanza kushuka mahali pake nilipomsikia Mama Njoki mlangoni akipiga kelele, "Fungueni njia, gadi ameshuka stesheni!" Alikuwa amembebea mfuko wake. Mzee Gadi akaingia kwa magongo, hakuketi, hakuomba maji, akapita moja kwa moja uani.

Sote tukamfuata.

Ukuta ulikuwa umejaa managu yenye urefu wa mkono, na maua meupe madogo, na tunda moja moja jeusi. Katikati yake mashina ya okidi yamelala. Mzee aliegemeza gongo moja, akakishika chungu cha kwanza, akakipindua kwenye kiganja. Kikatoka kipande kizima cha udongo chenye umbo la chungu. Akakivunja. Harufu ikajaa ua. Kageha akashika pua, nikampiga mkono.

Baba Mkubwa hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa mkulima. "Huyu mtoto amekuulia maua yako," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu aliyethibitisha hesabu. "Mzee, nilikuambia siku ile. Huyu naye ni mtoto. Chungu tu kimemshinda, atawezaje watu watatu? Wacha niwachukue, upumzike na mguu wako."

Mama Njoki aliuweka chini mfuko wa mzee.

Mzee Gadi alikuwa anausugua udongo ule kati ya vidole. Hakuinua macho. "Nilimwagiza mimi," akasema.

"Ulimwagiza nini?"

"Apande mboga. Nikiwa nimelala pale na mguu juu, watoto wangekula maua? Nilimwambia, Rebeka, leta udongo wa mtoni, panda managu. Amefanya nilivyosema."

Huyu alikuwa mzee wa kanisa ambaye aliwahi kumrudisha Amos dukani kwa sababu alipewa peremende moja zaidi. Nilimtazama Mama Njoki, naye akatazama miguu yake. Baba Mkubwa alitazama vyungu, akamtazama mzee, akanitazama mimi. Nilikuwa na neno ulimini. Nililisikia kabisa lilivyo, lina umbo. Lingemwondolea mzee yule uongo wake na lingetutawanya siku hiyo hiyo. Nikalimeza.

"Basi kama ni hivyo," Baba Mkubwa akasema polepole, "hawa wakubwa wabaki. Amos asome. Lakini huyu mdogo, Mzee, tuseme ukweli. Managu yamemwinua, sikatai. Sasa anahitaji maziwa. Mimi nina ng'ombe wawili wanaokamuliwa. Wewe una magongo mawili."

Laiti angekuwa amekosea, ningepiga kelele. Uongo wa Mzee Gadi ulitosha watu watatu tu.

Nilimfungia Tito nguo zake kwenye shuka. Nikachuma managu yote yaliyobaki juu ya ukuta, chungu kwa chungu, nikayapika yote, nikayatia kwenye mkebe wenye kifuniko ale njiani. Hakulia alipobebwa begani. Alidhani wanakwenda mferejini. Alinipungia mkono wenye kidole kilicholowa, na Amos akaingia ndani akajifungia.

Jioni Mzee Gadi aliketi juu ya ile ndoo ya Tito, mguu umenyooshwa, tukavipindua vyungu vilivyobaki pamoja. Alinionyesha jinsi ya kukata sehemu iliyooza kwa wembe mpaka ufikie nyeupe, kupaka majivu kwenye kidonda, kuacha kikauke kivulini. Vyungu kumi na vitatu havikuwa na nyeupe popote. Katika cha kumi na nne tulipata kipande cha shina, kirefu kama kidole changu cha kati. Tulikifunga kwa uzi juu ya ganda la mti.

"Babu," nikasema, "kwa nini ulimdanganya Baba Mkubwa?"

"Ulitaka nimwambieje?"

"Ulisema usichokipanda wewe, kitolewe." Nikakaza fundo la uzi. "Na sisi hukutupanda."

Alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha nyingine. Kisha akacheka, kicheko kikamgusa paja, akashika mguu, akaendelea kucheka kwa maumivu. "Wewe! Ndicho ulichokuwa ukikibeba humo kichwani miezi yote hii? Hata haya maua, nani alikuambia nilipanda? Miti ilikuwa inakatwa kando ya reli kwa ajili ya makaa. Yalianguka nayo. Niliyaokota, mama. Yote niliyaokota."

Nikalia basi, kilio ambacho sikukitoa kwenye kaburi lolote. Aliniacha nilie. Niliponyamaza, akanikabidhi spoku iliyokuwa mkononi mwake. "Lakini deni langu unalo," akasema. "Usidhani nimesahau. Kumi na vinne. Sidai vyote. Hiki kikitoa ua, unionyeshe. Tutakuwa tumemalizana."

Alikaa nasi mpaka Amos alipomaliza darasa la saba, na baadaye kidogo tena, kisha wanawe waliokuwa Ukambani wakamchukua kwao. Alikufa huko, na kile kipande chetu kilikuwa kimetoa mashina matatu tu, bila hata dalili ya ua. Tito alikulia Maragoli kwa maziwa ya Baba Mkubwa. Ni mtu mrefu sasa. Akija Nairobi huketi ukingoni mwa kiti changu kama mgeni, na huniita dada kwa heshima, na ninapompikia managu husema, "Asante, nimeshiba."

Nimehama na chungu kile nyumba tano. Sasa tuko Dandora, mimi na ukuta wangu. Kimejaa mashina ya manjano na sindano nyeupe zinatazama juu. Nimeambiwa huenda ni baridi, au moshi, au kivuli cha ghorofa ya jirani. Mimi sijui. Kila asubuhi kabla ya chai natoa.

Leo palikuwa na managu, majani mawili tu, yamejificha nyuma ya shina. Mkono ulisimama, kama unavyosimama kila mara. Nilipenyeza spoku chini, nikayainua polepole mpaka mzizi ukatoka mzima, nikayapanda kwenye mkebe karibu na mlango. Kisha nikarudi kukigeuza kile chungu upande wa jua, nikatafuta kwenye ncha ya kila shina, moja moja, kwa kidole. Majani ni mengi, mabichi. Ua hakuna.

Bado nadaiwa.